Kinga ya Mdudu na Bei Yake

Mabibi na mabwana, yuko nyigu mdogo aitwaye Asobara tabida. Hutaga yai ndani ya mwili wa buu wa nzi wa matunda, na mtoto wa nyigu akianguliwa humla mwenyeji wake angali hai. Buu naye ana namna ya kujitetea: chembe za damu yake hulizingira yai, hulifunika tabaka juu ya tabaka, kisha ganda hilo huwa jeusi kwa melanini na yai hufia humo.

Kwa adui wa namna hiyo ungedhani kila buu ana kinga kali. Wapi! Kraaijeveld na Godfray, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1997, walianza na nzi ambao takriban asilimia 5 tu ya mabuu yao yalimshinda nyigu. Wakawa wanazalisha walionusurika pekee. Vizazi 5 baadaye, kiwango kikafika asilimia 60 hivi.

Hebu tukae hapa kidogo. Vizazi 5 vya nzi si chochote, ni miezi michache. Basi uwezo ulikuwemo katika ukoo tangu hapo. Mbona porini haukuenea kwa wote?

Mabuu sugu yakashindanishwa na mabuu ya ukoo mwingine. Chakula kilipokuwa tele, hakuna aliyemzidi mwenzake. Kilipokuwa haba, nao wamesongamana, sugu wakaachwa nyuma. Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kwamba chembe za damu za buu sugu ni karibu maradufu, lakini mdomo wake huchota chakula polepole zaidi. Na angalieni: katika shindano lile hapakuwa na nyigu hata mmoja. Walilipia silaha waliyoiweka tu ghalani.

Kuitumia ni deni jingine. Mwaka 2000, Moret na Schmid-Hempel waliwadunga nyuki wanene wenye manyoya, Bombus terrestris, vitu visivyoweza kumwambukiza mtu yeyote: kemikali ya ukuta wa bakteria, na vishanga vidogo mno. Hakuna ugonjwa hapo, ni kinga tu imeshtuliwa usingizini. Nyuki walionyimwa chakula walikufa mapema kuliko wenzao wenye njaa ileile ambao kinga yao haikuguswa. Walioshiba hawakuonyesha dalili yoyote. Yaelekea walifidia hasara kwa kula.

Tena kinga humdhuru mwenyewe. Kwa mende wa unga, Tenebrio molitor, kemikali zilezile za kumshambulia mvamizi huharibu mirija inayofanya kazi kama ya figo zetu.

Kwa hiyo mtafiti akinijia na kusema, “Nimepima gharama ya kinga maabara, sikuiona,” mimi humuuliza kwanza wadudu wake walikuwa wanalishwaje. Mara nyingi jibu ni kwamba chakula hakikupungua hata siku moja.

Naishia hapo. Karibuni kwa maswali.