Morn Anaongea Lini?

BARAKA: Tunarekodi? Haya, karibuni tena. Dada Salma yupo, mimi Baraka nipo, na leo nimekuja na karatasi. Mambo matatu kwa anayetaka kuanza kutazama Star Trek: Deep Space Nine, ile tamthilia ya kituo cha anga: aanzie wapi, aruke nini, na asikate tamaa kabla ya kufika wapi. Tukiyagusa hayo tu, tunamaliza mapema.

SALMA: Kabla ya karatasi, kaka, nina jambo.

BARAKA: Nilijua.

SALMA: Binti wa kaka yangu amemaliza! Yule niliyekuwa nawaambia kila wiki amefika msimu gani. Wiki hii tumetazama pamoja sehemu ya mwisho kabisa, ile iliyotoka Juni 1999. Majina yanapita kwenye skrini, mimi machozi yamenijaa, mwenzangu anageuka ananiuliza, "Shangazi, sasa huyu Morn anaongea lini?"

BARAKA: (anacheka) Kangoja mpaka mwisho!

SALMA: Misimu saba kangoja! Anasema kila Morn alipofungua mdomo alikuwa anaongeza sauti ya televisheni.

BARAKA: Ana haki. Morn ni yule mteja wa kila siku wa baa ya kituoni, na ukisikia watu wa kituo wanavyomsema, hanyamazi. Akikukamata pale kwa Quark, mwenye baa, umekwisha. Lakini kamera ikifika, kimya. Akitaka kuanza, mtu anadakia.

SALMA: Tangu sehemu ya kwanza, 1993, mpaka ya mwisho. Hata neno moja.

BARAKA: Na jina lenyewe ni Norm, herufi zimepanguliwa. Norm wa Cheers, kile kipindi cha vichekesho, yule mteja wa baa asiyekosa kitini kwake. Waandishi walitaka kukitania kile kipindi kidogo tu, mtu akaota mizizi. Haya, la kwanza kwenye karatasi...

SALMA: Ngoja, ngoja. Unajua kinachonigusa ni nini? Mwigizaji wake, Mark Allen Shepherd, yumo ndani ya kile kichwa kizima cha mpira. Uso humwoni, sauti husikii. Amebaki na shingo, mabega na mkono ulioshika glasi. Na bado mimi namjua Morn. Najua leo ana huzuni, najua leo amefurahi kumwona Quark. Wapo waliopewa hotuba ndefu kwenye vipindi vingine na leo siwakumbuki hata sura.

BARAKA: Hilo nakuunga mkono. Na msimu wa sita wakampa sehemu nzima.

SALMA: "Who Mourns for Morn?"! Tuizungumze hiyo.

BARAKA: Dada, karatasi...

SALMA: Karatasi haiozi. Inapokelewa habari kwamba Morn amekufa, chombo chake kimepigwa na dhoruba. Baa nzima inaomboleza. Jadzia, ofisa wa kituo, anakiri kwamba aliwahi kumpenda kidogo. Quark anasema kiti cha Morn kisikae kitupu, anamshika Mbajor mmoja, mtu wa Bajor, sayari ya jirani, aliyesimama pale, anamkalisha ili kiti kipate joto. Yule Mbajor ni nani?

BARAKA: Ni Shepherd mwenyewe.

SALMA: Bila kinyago! Ndiye aliyekikalia kiti kile miaka yote, na siku anayoonekana kwa uso wake anakikalia kama mgeni anayemheshimu marehemu. Hawakuandika maelezo kwenye skrini, hawakukonyeza. Anayejua anajua. Mimi nilipokuja kujua nilirudisha nyuma nikamtazama tena na tena.

BARAKA: Halafu inakuja ile ya latinum, fedha yao. Quark anaambiwa amerithi mali yote, wanajitokeza matapeli, kila mmoja na hadithi yake, mwisho inajulikana wote walikuwa wenzake Morn wa wizi. Kumbe Morn hajafa, na latinum ameificha kwenye tumbo lake la pili, ndiyo maana nywele zimeng'oka.

SALMA: Nilipomwonyesha mtoto hiyo sehemu, alisema "Kumbe hakuwa kimya, alikuwa amejaa." Tangu siku hiyo kila kitu nyumbani ni Morn. Mtu akichelewa kujibu, "Morn huyo." Ukimwita akale hajibu, ukimuuliza anasema nimejibu, ila kamera haikuwepo.

BARAKA: (anacheka sana) Kamera haikuwepo!

SALMA: Mimi nimeshindwa naye.

BARAKA: Haya. La kwanza. Aanzie wapi. Wengi humwambia mgeni aruke msimu wa kwanza kwa sababu unasuasua. Mimi nasema asiuruke, maana atakosa "Duet". Watu wawili chumbani, Kira, ofisa Mbajor wa kituo, na mfungwa wa Kikadashia, watu walioivamia Bajor, na dakika chini ya hamsini zinakueleza uvamizi wa Bajor kuliko vita vyote vitakavyokuja baadaye. Kwa hiyo...

SALMA: Morn yumo kwenye "Duet"?

BARAKA: Salma!

SALMA: Nauliza kwa niaba ya mtoto. Aliuliza pia mbona picha si safi, akadhani intaneti ndiyo mbovu.

BARAKA: Hilo mwambie ukweli. Walipiga kwa filamu ya milimita 35, lakini uhariri na vyombo vya anga na milipuko vikamaliziwa kwenye kanda ya video, kwa ubora wa televisheni ya wakati ule. Ili picha iwe safi leo, lazima warudi kwenye filamu, wakate upya kila sehemu, watengeneze upya kila chombo. The Next Generation, Star Trek iliyotangulia hii, walifanyiwa kazi hiyo yote. Deep Space Nine haijafanyiwa. Imeonekana vipande tu, kwenye ile filamu ya kumbukumbu aliyoisimamia Ira Steven Behr, mkuu wa waandishi wa kipindi, na fedha zilichangwa na mashabiki. Ukiviona vile vipande unaumia, maana unaona tulichokuwa tunakosa.

SALMA: Na Morn anastahili kuonekana vizuri. Sikia, sasa nazungumza kweli. Swali la mtoto limenikaa kichwani wiki nzima kwa sababu limenionyesha kwa nini nakipenda kipindi hiki kuliko ndugu zake wote. Kwenye Star Trek nyingine, wiki ikiisha chombo kinaondoka. Mmefika kwenye sayari, mmewaamulia watu mambo yao, mmetoa hotuba nzuri, mnawasha injini. Anayebaki na matokeo humwoni tena. Hapa hakuna kuondoka. Kituo kipo palepale. Sisko, mkuu wa kituo, akiamua jambo baya Jumatatu, aliyeumizwa anakutana naye kwenye Promenade, barabara ya maduka ya kituo, Jumanne. Bajor inaonekana dirishani. Ni kipindi cha watu wanaobaki. Na Morn ni wao kabisa, kazi yake yote ni kubaki.

BARAKA: Vizuri. Hiyo niandikie, nitaiweka kwenye karatasi.

SALMA: Ndiyo maana mwisho wa Sisko siusamehe.

BARAKA: Tumeanza.

SALMA: Siusamehe. Huyu ni baba aliyempoteza mkewe kwenye vita vya Wolf 359, akamlea mwanawe Jake peke yake. Anamkumbatia mwanawe, anambusu, anampikia. Baba wa aina hiyo kwenye televisheni ya miaka ya tisini ulimwona wapi? Halafu mwisho anaenda kwa Manabii, wale viumbe ambao Wabajor wanawaabudu, amemwacha mkewe mpya Kasidy na mimba.

BARAKA: Lakini unajua yaliyotokea. Mwanzo waliandika kwamba harudi kabisa. Avery Brooks, anayemwigiza Sisko, akamwambia Behr kwamba hilo halimkai: mwanamume mweusi anamwacha mke mjamzito na kutoweka, ndiyo picha ya mwisho watakayobaki nayo watazamaji? Wakabadilisha maneno. Sisko anamwambia Kasidy atarudi. Pengine mwaka mmoja, pengine jana, kwa sababu kule aliko muda hauendi kwa mstari. Mwigizaji alisimama akalinda heshima ya mhusika wake. Kwangu mimi hilo ni tendo kubwa kuliko nusu ya yaliyomo kwenye hadithi.

SALMA: Brooks namheshimu kwa hilo. Lakini sentensi moja haikubadilisha alichofanya. Bado ameondoka.

BARAKA: Hajaondoka! Umesema mwenyewe hiki ni kipindi cha wanaobaki. Manabii wanaishi wapi? Ndani ya ule mlango wa anga, hatua chache kutoka kituoni. Sisko amekaa mlangoni pa Bajor. Tangu mwanzo walimwita Mjumbe wa Manabii, na miaka mingi aliona aibu ya jina hilo. Msimu wa saba anajua kwamba hata kuzaliwa kwake Manabii walikuwa na mkono. Alinunua shamba Bajor, alitaka kujenga nyumba pale. Waliomfuata kumshukuru walikuwa Wabajor. Sasa amekuwa wao. Kama kuna aliyebaki, ni yeye.

SALMA: Na Jake?

BARAKA: Jake ni mtu mzima, mwandishi wa habari.

SALMA: Jake hakuagwa. Hapo ndipo hutajibu, kaka Baraka, na hujawahi kunijibu. Alimtokea Kasidy, akamwambia yote. Mwanawe hakumtokea. Picha ya mwisho kabisa ni Jake dirishani, Kira anakuja kusimama naye, kamera inarudi nyuma mpaka kituo kinakuwa kidogo. Mtoto aliyelelewa kwa kukumbatiwa anaachiwa dirisha. Na huyu ni Jake wa "The Visitor"! Ile ya 1995, Tony Todd anamwigiza Jake mzima na mzee. Baba amepotea kwenye ajali, anamtokea kwa dakika chache kila baada ya miaka. Jake anaacha kuandika, ndoa inavunjika, anasomea sayansi ukubwani, na mwisho anautoa uhai wake ili baba apate kurudi. Mtoto anayempenda baba kiasi hicho, mwandishi anasahau kumpa kwaheri?

BARAKA: Hawakusahau. "The Visitor" ndiyo kwaheri yao. Umeshawaona wakiagana kwa uchungu kuliko wowote utakaoandikwa. Mzee Jake anakata roho, Sisko anajua mwanawe amefanya nini kwa ajili yake. Ukiwarudisha tena kwenye msimu wa saba waagane mara ya pili, utapunguza ile ya kwanza.

SALMA: Ile ya kwanza haikutokea! Jake alifaulu, ajali ikafutika, yule kijana hajaishi maisha yale. Sisko anakumbuka, Jake hakumbuki. Kwa hiyo Jake wa dirishani hana kwaheri hata moja kichwani mwake. Wewe unayo. Mimi ninayo. Yeye hana.

BARAKA: ...

SALMA: Ona, umekuwa Morn.

BARAKA: (anacheka) Hapana, nafikiri. Nafikiri unadai kitu ambacho baba mwenyewe hakuwa na uwezo nacho. Manabii walimwonya: ukimwoa Kasidy utaona huzuni tu. Alimwoa. Alilipa. Hata huo muda wa kuzungumza na mkewe alipewa, hakuuchukua. Unamhukumu kama mtu aliyepakia mzigo akaenda zake.

SALMA: Namhukumu kama baba, kwa sababu kipindi kilinifundisha kumtazama kama baba kabla ya kumtazama kama kapteni.

BARAKA: Na mimi nilifundishwa na "Far Beyond the Stars", ambayo Brooks aliiongoza mwenyewe. Benny Russell, mwandishi mweusi wa New York ya miaka ya hamsini, anaandika hadithi ya kapteni mweusi wa kituo cha anga, na mwenye jarida anaona heri toleo zima liharibiwe kuliko litoke na hadithi hiyo. Aliyeigiza maumivu yale anajua uzito wa hadithi inayomfuta mtu wetu. Akasema Sisko asifutwe. Kwangu, lile neno "nitarudi" lina uzito wote huo nyuma yake. Siwezi kuliita sentensi moja tu.

SALMA: Lina uzito. Lingemfikia Jake ningenyamaza.

BARAKA: Jake ataambiwa na Kasidy.

SALMA: Ataambiwa! Baba aliyempikia kwa mikono yake, leo salamu zake ziletwe na mtu?

BARAKA: Mtu huyo ni mama yake wa kambo, ni familia. Sikubali, Salma.

SALMA: Usikubali. Na mimi sikubali.

BARAKA: Saa yetu inasomaje? Aa, tumebakiwa na dakika mbili. Bado sijafika jambo la pili.

SALMA: Soma upesi.

BARAKA: La pili ni nini aruke... hapana, hili haliwezekani kwa dakika mbili, linataka nieleze zile sehemu za ulimwengu wa kioo, ulimwengu mwingine wenye watu walewale lakini tofauti, na wewe utazitetea.

SALMA: Nitazitetea, ya kwanza hasa.

BARAKA: Na la tatu lilikuwa avumilie mpaka Wajem'Hadar, wale askari maadui, watokee, mwisho wa msimu wa pili. Haya nimelisema. Wasikilizaji, karatasi iko hapa, mtaisikia siku nyingine.

SALMA: Waambie na lile la binti.

BARAKA: Lipi?

SALMA: Ameanza tena kutoka mwanzo. Safari hii anaandika kila mahali Morn anapofungua mdomo na nani anamkatiza. Orodha ikikamilika tunaileta hapa.

BARAKA: Basi kipindi kijacho ni cha Morn tena.

SALMA: Cha Morn, na utanijibu kuhusu Jake.

BARAKA: Nimeshajibu.

SALMA: Hujajibu.

BARAKA: Muda umekwisha, dada. Kwaherini wasikilizaji.