V-0 haimaanishi haishiki moto: mazungumzo na mafundi wa stima, Mombasa

Haya mafundi, asalaam aleikum, hamjambo. Sitawaweka sana, najua kuna walioacha kazi Kongowea haijaisha.

Kabla hatujaanza ndugu yangu hapa mbele kaniuliza, soketi ikiwa imeandikwa V-0, lile daraja la plastiki kwenye kipimo cha moto, si basi haishiki moto? Yashika, bwana. Yashika halafu yazimika yenyewe, na hapo ndipo pa kuelewana.

Kipimo chenyewe kiko hivi. Wachukua kipande cha plastiki, urefu milimita 125, upana 13, wakining'iniza wima, na chini yake sentimita 30 waweka pamba. Moto mdogo wa gesi wautia chini ya kipande sekunde 10, wautoa, waanza kuhesabu kinawaka mpaka lini, kikizimika wautia tena sekunde 10 nyingine. Vipande vitano hivyo. Ili kiwe V-0 kila mara moto uzimike ndani ya sekunde 10, na vyote vitano ukijumlisha visipite sekunde 50, na pamba isishike. V-1 wakupa mpaka sekunde 30, pamba bado isishike. V-2 ni sekunde 30 hizo hizo ila pamba yaruhusiwa kuwaka.

Mie hiyo pamba ndio naiangalia kuliko saa. Kwa sababu moto wa soketi haupandi tu, wadondoka, tone linalowaka laangukia pazia au godoro la mtoto, na zile nyumba zetu za Mji wa Kale zilivyobanana mwajua wenyewe.

Na muangalie unene. V-0 ya milimita 3 si V-0 ya milimita 1, plastiki ile ile, jina lile lile, ikipunguzwa unene yapimwa upya.

Kuna kipimo kingine, cha oksijeni: plastiki yataka asilimia ngapi ya oksijeni hewani ndio iendelee kuwaka. Hewa hii tunayovuta ina kama asilimia 21. Polithini yatosheka na 17 au 18 kuendelea kuwaka, ndio maana mfuko wa nailoni hauna subira. PVC ngumu ya paipu yataka kama 45, kwa hewa ya kawaida ukiondoa moto yazimika. Lakini ya waya imetiwa dawa ya kulainisha, hiyo namba yashuka, na ikiungua yatoa moshi wa asidi wa kuchoma macho na kifua, kitu ambacho V-0 haipimi kabisa.

Swali? Ee, waniuliza kama waweza kuijaribu soketi na kiberiti dukani… mie nilijaribu nyumbani na mkono wa ndoo, mama watoto hajanisamehe. Kiberiti hakina urefu wa moto unaoujua wala kipande chako hakina kipimo, kwa hivyo umejua tu kwamba ndoo imeharibika.