Mashine Zilizosahau

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Mliponiomba nizungumzie miaka niliyocheza michezo ya video, nilidhani ningeanza na mchezo nilioupenda kuliko yote. Nilipokaa kuandika niligundua kwamba karibu kila ninachokikumbuka kwa furaha kinatokana na upungufu mmoja, nao ni kwamba mashine zile zilikuwa zinasahau.

Mchezo wa Super Mario Bros., uliotoka mwaka 1985, ulitoshea katika kilobaiti 40 tu. Nafasi ilibanwa mno, hata mawingu na vichaka vikachorwa kwa umbo lilelile na kutofautishwa kwa rangi pekee. Katika ufinyu huo hapakuwa na mahali pa kuhifadhi hatua uliyofikia, kwa hiyo mtu akijikwaa kwenye waya na mashine ikazimika, safari nzima ilianza upya. Kazi ya kukumbuka ilibaki kuwa yetu, na vidole vyangu vilijua pa kuruka kabla macho hayajaliona shimo. Nadiriki kusema kwamba hata leo ningeivuka hatua ya kwanza nikiwa nimefumba macho, ingawa sitathubutu kujaribu mbele yenu.

Baadaye yalikuja majaribio ya kuitibu kasoro hiyo. Mchezo wa Metroid, katika toleo lake la kaseti, yaani kile kibweta cha plastiki chenye mchezo kilichochomekwa kwenye mashine, ulimpa mchezaji nywila ya alama 24 aiandike mwenyewe ili baadaye aendelee pale alipoishia, na kwa kuwa ilichanganya tarakimu na herufi kubwa na ndogo, daftari langu lilijaa sifuri zilizofanana na herufi O. Usiku mmoja wa ushindi ungeweza kupotea kwa sababu ya mwandiko mbaya. Mchezo wa The Legend of Zelda ulihifadhi hatua kwa msaada wa betri ndogo iliyofichwa ndani ya kaseti, lakini betri nayo hufa, na inapokufa huondoka na yote iliyoyatunza.

Kisha ikaja mashine ya PlayStation, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1994, pamoja na kadi ya kumbukumbu ya kilobaiti 128 yenye vyumba 15 vya kuhifadhia hatua za michezo. Hapa naomba mniruhusu niungame. Kaka yangu mkubwa alikuwa amefika kwenye diski ya tatu, yaani ya mwisho, ya mchezo wa Final Fantasy VII, nami nilihitaji nafasi ya kuhifadhi msimu wangu wa soka. Kadi ilikuwa imejaa. Nilifuta chumba ambacho sikukitambua jina lake, na kilikuwa ndicho chenye safari yake. Aliponiuliza sikuweza kukana, kwa kuwa tulikuwa wawili tu tulioishika pedi ile ya kuchezea. Hakunigombeza. Alikaa kando yangu kimya, akanitazama nikicheza fainali hadi nikafungwa, kisha akaichukua pedi na kuanza safari yake tangu mwanzo.

Kwa aibu nilibaki pale pale. Nilimsomea mazungumzo ya wahusika kwa sauti, nikamkumbusha njia alizowahi kupita, na jioni baada ya jioni tukafika tena kwenye diski ya tatu. Huo ndio mchezo ninaoujua kuliko mingine yote, na sikuwahi kuucheza mwenyewe hata kwa dakika moja. Michezo ya siku hizi hujihifadhi yenyewe kila baada ya muda mfupi. Ni jambo jema, na sitaki kuonekana mzee anayelalamika, ila kosa langu lisingewezekana leo, na jioni zile pia zisingekuwapo.

Kadi za aina ile hazitegemei betri. Hivi karibuni tuliitoa yetu kwenye sanduku, tukaichomeka, na vyumba vyote 15 vikajitokeza kwenye runinga. Kumi na vinne vilikuwa vya kaka yangu. Kimoja, nilichotengewa baada ya kosa lile, kilikuwa changu, nacho kilikuwa kitupu.