Rejeta ya kuprinti: ukuta mmoja, njia mbili

Wa huku nyuma mnanisikia eeh? Sawa. Leo ni rejeta, oil kula (kipoza mafuta ya injini), vyote vinavyohamisha joto toka kimiminika kimoja kwenda kingine au kwenda kwenye hewa bila kuchanganyika, na kwa nini kuziprinti kwa 3D kunageuza hesabu yote.

Chukua mirija. Punguza kipenyo nusu, ongeza idadi ili nafasi ya kupita maji ibaki ile ile. Maji yakienda taratibu bila kuvurugika, joto linapenya mara 2, na eneo la ukuta kwa kila lita ya ujazo nalo mara 2, jumla mara 4. Presha inayopotea kila sentimita nayo inapanda mara 4, hapo ndo watu wanaogopa, lakini si urefu unaohitaji sasa ni robo tu? Basi pampu inasukuma presha ile ile na kifaa kimekuwa robo!

Tatizo lilikuwa kutengeneza, mamia ya mirija myembamba na kila kiungo uunge, na kwenye viungo ndo panapovuja. Printa ya leza inatandaza poda ya aluminiamu, tabaka la kama 0.03 mpaka 0.06 mm, inayeyusha panapotakiwa, inatandaza tena, mpaka kitu kinasimama bila kiungo. Hapo ndo gairoidi inapoingia, umbo ambalo Alan Schoen wa NASA alilieleza mwaka 1970. Nalipenda sana hili umbo jamani, ukuta mmoja tu unaojipindapinda, huku mafuta kule maji, hayakutani popote, na sehemu kubwa unajishikilia wenyewe bila nguzo za ndani.

Sasa poda, na hapa nisikilizeni vizuri maana ndo kazi nyingi zinapofia. Isiyoyeyuka inabaki imejaa ndani ya vile vinjia, lazima uitoe kwa kutikisa na kupuliza kabla kitu hakijaingia tanurini kupashwa joto baada ya kuprintiwa, ikishapata joto la tanuri inashikana na haitoki tena. Kwa hiyo mlango wa kutolea poda unauchora mapema kwenye kompyuta, sio baadaye. Ukimaliza weka kwenye mizani, linganisha na uzito uliopigwa na programu, ukizidi ujue kuna poda humo, na kama ni kazi ya ndege piga CT scan kabisa, yaani eksirei inayoonyesha ndani.

Aliyenyoosha mkono kuuliza kama shaba nayo inaprintika: inawezekana, ila shaba inarudisha sehemu kubwa ya mwanga wa leza za kawaida za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), ndo maana kuna printa za leza ya kijani. Haya, mwingine?