Nyumba ya Katikati: Familia za Magharibi Zinazopitia Nakuru

Wazee wetu, kina mama, vijana, na nyinyi mliofunga maduka mapema ili mfike katika ukumbi huu, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie maisha ya familia katika safari, katika sherehe na katika nyakati ngumu, na kwa kuwa mada hiyo ni pana kiasi cha kumpoteza msemaji, nimeamua kuifunga kwenye jambo moja ambalo naamini halijasemwa vya kutosha. Jambo lenyewe ni nafasi ya nyumba iliyoko Nakuru katika familia ambayo chimbuko lake ni Bungoma, Vihiga, Siaya au Nyakach, na ambayo watoto wake wengine wanafanya kazi Nairobi. Nyumba hiyo haiko walikozikwa mababu, wala haiko kwenye ajira kubwa za jiji kuu. Iko katikati, na dai langu ni kwamba familia nyingi za magharibi mwa Kenya zisingeshikamana miaka hii yote kama nyumba hiyo isingekuwapo.

Historia yake inajulikana. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na tarehe 20 Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Vijana waliotoka ziwani na katika vilima vya Maragoli wakaajiriwa kwenye reli yenyewe, kwenye mashamba ya walowezi, na baadaye kwenye viwanda vya mji huu. Katika kila ukoo alipatikana mmoja aliyepewa chumba kwenye landhi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi, au aliyekodi katika mitaa ya Bondeni na Kivumbini, na wa vizazi vya karibuni wakakodi Kaptembwo na Rhonda. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kama kilomita 160, na kwenda Kisumu kwa njia ya Kericho inazidi kidogo tu. Kwa hiyo ndugu aliyekuwa akienda kutafuta kazi Nairobi, au aliyekuwa akirudi mikono mitupu, alijua kwamba kuna mlango mmoja njiani ambao hahitaji kuuomba ufunguliwe.

Watu wakizungumzia ukarimu wa nyumba hiyo husema juu ya kulala na kula, lakini kazi yake ilikuwa kubwa zaidi. Ilikuwa ndiyo inayojua kila kitu. Omena, karanga, simsim na ndizi zilishuka hapa kutoka magharibi. Viazi, kabichi na karoti za Molo na Njoro zikapanda gari kurudi huko. Pamoja na magunia zilisafiri habari: nani amejifungua, nani ameshindwa karo, nani ameonekana Nairobi akiwa amekonda. Baada ya M-Pesa kuanza mwezi Machi 2007, fedha zilipata njia ya kupita juu ya Nakuru bila kusimama, na wapo waliodhani kwamba nyumba ya katikati imestaafu. Haikustaafu, kwa sababu simu haiwezi kumlaza mgonjwa anayesubiri kumwona daktari kesho yake, wala haiwezi kumlea mtoto aliyeletwa kumalizia shule.

Desemba ndiyo mtihani wenyewe. Nauli hupanda maradufu, steji hujaa, na kuanzia tarehe 20 hivi nyumba yenye vyumba viwili hupokea shangazi, wapwa, shemeji na rafiki wa shemeji, kila mmoja akiwa na hakika kwamba yeye ndiye mgeni pekee wa usiku huo. Godoro hutandikwa sebuleni, jingine jikoni. Alfajiri wote huondoka na chai tumboni, na mwenye nyumba, ambaye bado hajanunua nauli ya watoto wake mwenyewe, husikia siku chache baadaye kwamba huko nyumbani wanauliza mbona watu wa Nakuru wamechelewa, na ilhali wao ndio walio karibu.

Sasa nije kwenye sherehe, maana hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Husemwa kwamba tunapoteza fedha kwa kusafiri kwenda kwenye arusi, tohara na kufungua maboma, na kwamba ingetosha kutuma mchango. Nadhani wanaosema hivyo hawajatazama jinsi shughuli hizo zilivyoundwa. Chukueni tohara ya Wabukusu, ambayo hufanyika mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, kama ilivyokuwa 2022 na 2024. Kijana hupiga njuga zake akizunguka kuwaalika jamaa, kisha kabla ya kutahiriwa hufika kwa mjomba wake, ndugu wa mama, ambaye humchinjia ng'ombe na kumvika shingoni ukanda wa nyama uitwao luliki. Mjomba asipokuwapo, mtu mwingine wa upande huo wa mama lazima asimame mahali pake. Hakuna namba ya simu inayoweza kumvika kijana luliki. Vivyo hivyo Mluo anapohamia boma lake jipya, hutoka asubuhi na jogoo, mwanawe wa kwanza akiwa na shoka na mkewe akibeba moto, na baba yake au ndugu wa baba ndiye anayetangulia kuonyesha mahali. Desturi hizi zimewekwa kwa namna ambayo mtu wa mbali hawezi kuzitekeleza akiwa mbali. Zinamlazimisha mjomba wa Nairobi kuwa barabarani, na zinamlazimisha mtoto aliyezaliwa Nakuru, asiyeijua lugha ya bibi yake vizuri, kuonekana na watu ambao siku moja wataulizwa kama wanamjua.

Siku hiyo ilifika. Kila aliyekuwa mjini humu anaikumbuka Januari ya 2008, hasa wiki yake ya mwisho, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipoifikia Nakuru na kisha Naivasha. Nchi nzima ilipoteza zaidi ya watu 1,100. Uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho ya kilimo vikajaa waliofukuzwa kutoka pande zote, kwani Nakuru ilikuwa ikipokea wakimbizi kutoka Burnt Forest na Eldoret wakati huohuo ikiwatoa wengine kuelekea Kisumu na Busia. Sitarudia yaliyotendeka, wapo humu waliopoteza watu, na wapo waliofichwa na majirani wa kabila jingine hadi gari lilipopatikana. Ninachotaka kukitazama ni kile kilichofuata baada ya magari hayo kufika magharibi.

Nyumba iliyozoea kupokea wageni iligeuka kuwa mgeni. Mama aliyekuwa akiwatandikia wengine magodoro sasa alisimama uani kwa mama mkwe na watoto wanne, akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Hapo nikaona tofauti ambayo imenishughulisha tangu wakati huo. Watoto waliokuwa wamepelekwa kwenye arusi na matanga, ambao kijiji kiliwahi kuwaona wakikimbiza kuku siku ya Krismasi, walipokelewa kama watoto waliorudi. Walitafutiwa shule upesi, na mjomba fulani akakumbuka kwamba ana chumba. Wale ambao wazazi wao walikuwa wakituma mchango kila mara lakini hawakuonekana, mchango wao ulitambuliwa kwa shukrani, ila wao wenyewe walitazamwa kama watu wa serikali waliokuja kuhesabu watu. Si haki, nakubali. Fedha zao zilikuwa fedha, na baadhi yao walikuwa wametuma nyingi kuliko wenye kuonekana. Lakini kukubaliwa na ukoo hakukuwekwa kwenye daftari la michango, kuliwekwa kwenye sura zilizowahi kuonekana, na nyumba ya Nakuru ndiyo iliyowezesha sura nyingi kufika huko kwa nauli ndogo.

Miaka kumi na miwili baadaye nyumba hiyo ilipewa kazi ya ajabu zaidi. Tarehe 6 Aprili 2020 Nairobi na viunga vyake vilifungwa kwa sababu ya Korona. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka au kuingia hadi tarehe 7 Julai. Mazishi yalitakiwa kufanywa haraka, na waombolezaji wasizidi 15. Fikirini maana ya idadi hiyo kwa ukoo ambao watu 15 hawawatoshi hata wanaochimba kaburi na wanaopika! Mzee alipofariki Vihiga, wanawe wa Nairobi walikwama upande wa pili wa kizuizi, hata yule wa kwanza ambaye desturi inamtaka atupe udongo kabla ya wengine. Nakuru haikuwa imefungwa. Kwa hiyo aliyesafiri, aliyesaini karatasi za mochari, aliyesimama mbele ya chifu kuhesabiwa, na aliyeshika simu juu ili ndugu zake waone jeneza likishuka, alikuwa ni yule wa Nakuru, mara nyingi mdogo wa mwisho ambaye katika mikutano ya familia hakuwahi kupewa nafasi ya kuzungumza.

Kisha kizuizi kikahamishwa. Tarehe 26 Machi 2021 zilifungwa kaunti tano, na safari hii Nakuru ilikuwa ndani pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos, hadi tarehe 1 Mei. Waliozoea kutegemewa wakawa wanategemea, na ikabidi ndugu wa Eldoret au Kericho wachukue zamu. Mwezi Juni kikahamishwa tena: kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi zikawekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na watu wakahimizwa wasiingie wala kutoka. Katika miezi 15 familia moja ililazimika kubadilisha miguu yake mara tatu. Zilizofaulu, kwa niliyoyaona, ni zile ambazo hazikungoja mkubwa aamue, bali ziliuliza tu nani yuko upande upi wa kizuizi leo, na kumpa huyo mamlaka yote ya mazishi, pamoja na fedha. Zilizoshikilia kwamba kaka mkubwa lazima aongoze hata akiwa amefungiwa mtaani Umoja, Nairobi, zilizika kwa ugomvi, na ninajua nyumba ambako ugomvi huo bado haujaisha.

Hatari za barabara hazihitaji maneno mengi kwa wakazi wa hapa. Sachangwan mwaka 2009 ilituchukulia zaidi ya watu 100 katika moto wa lori la mafuta, na njia panda ya Londiani tarehe 30 Juni 2023 zaidi ya 50. Nasema tu kwamba kuwahimiza watu wasafiri usiku kucha ili wawahi mazishi ya asubuhi ni kosa, na nyumba ya katikati ipo ili watu walale.

Lakini je, nani anayewalaza? Hapa ndipo ninapolaumu. Katika mazishi mengi niliyohudhuria, kamati huwashukuru waliotoa basi, waliotoa hema na waliotoa ng'ombe, kwa majina. Sijasikia mara nyingi akitajwa mke wa ndugu yetu wa Nakuru aliyepika kwa siku tatu kabla hata maiti haijafika kijijini, kwa unga wake, gesi yake na maji aliyonunua kwa mtungi. Mchango huo hauandikwi kwa sababu haupiti kwenye simu, na kwa hiyo familia hiyohiyo hutakiwa itoe sawa na wengine wote, kisha hunung'unikiwa ikichelewa. Pendekezo langu si kubwa: kamati ya matanga au ya arusi iandike malazi na chakula cha njiani kama sehemu ya mchango, na kabla ya Desemba kila anayekusudia kulala Nakuru aseme ni usiku upi na watu wangapi. Wapo watakaosema kwamba hesabu kati ya ndugu ni aibu. Sioni aibu katika kuhesabu magodoro. Naiona katika kumfilisi mtu mmoja kwa jina la undugu.

Kazi ya kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa mwishoni mwa 2025, na itakapokamilika huenda mtu atoke Nairobi asubuhi na kula chakula cha mchana Kakamega bila kutukumbuka. Pengine wageni watapungua, na baadhi yenu, najua, hamtasikitika. Lakini watoto waliozoeana kwa kulala kwenye sakafu moja hapa Nakuru watahitaji mahali pengine pa kukutana kabla ya kufika kijijini, na sijaona familia iliyokwisha kukaa ikajadili patakuwa wapi. Ningependa tulijadili hilo sasa, katika muda wa maswali, na naomba tuanze na kina mama waliokaa safu za nyuma.