Kesi ya babu haiishii kwa gazeti

Asanteni kwa kuja wazee wetu na mama zangu, na nyinyi vijana mmesimama huko nyuma sogeeni, viti viko. Leo hapa Kisumu tuongee ile stori kila boma iko nayo, ile ikitajwa wazee wanakohoa na watoto wanatumwa nje. Kwetu ilikuwa ya babu. Ati alikuwa karani, akala pesa ya kodi, akafungwa, na mpaka wajukuu wakaitwa watoto wa mwizi matangani mbele ya watu.

Sasa watu wakitaka kujua ukweli wa stori kama hizo hukimbilia magazeti ya zamani, na ni sawa, ile East African Standard ilianza 1902 kule Mombasa ikiitwa African Standard, Baraza ya Kiswahili ikaanza 1939, na Maktaba ya McMillan pale Nairobi iko na magazeti ya zamani sana. Lakini skizeni. Gazeti linapenda siku mtu anashtakiwa, siku anaachiliwa huenda lisiandike hata mstari. Sisi tulipata mistari michache tu, karani ameshtakiwa, basi, na hiyo ndio ilisomwa sokoni ikazunguka lokesheni nzima. Yaliyofuata yalikuwa kwa faili ya korti: alikata rufaa, hukumu ikafutwa juu vitabu vya risiti vilikuwa vinashikwa na mtu mwingine kabisa!! Nyanya yetu alikufa akiamini ameolewa na mwizi. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Kwa hivyo ukipata jina gazetini andika tarehe na korti gani, ndio ufuate faili. Pia kuna ripoti za DC, yule mkuu wa wilaya wa wakati wa mkoloni, za kila mwaka na zile alikuwa anamwachia mwenzake akihamishwa, uliza Kenya National Archives, zingine zinataja machifu kwa majina.

Kama stori yenu ni ya mke aliyefichwa, basi ni Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali, iko tangu 1899 na nyingi ziko kwa intaneti bure. Soma ilani za mirathi, huko anayeomba kusimamia mali anatajwa jina na vile alihusiana na marehemu, mjane, mtoto, ndugu, na watu wanapewa siku 30 za kupinga, so mke ambaye hamkuwahi kumwona matangani unaweza kumpata hapo. Waliobadilisha majina pia wako humo.

Pia kuna vitabu vya ubatizo na ndoa kanisani, kwa mfano mission ya Maseno ni ya 1906. Na tafuteni jina kwa kila spelling, makarani waliandika vile walisikia, Odhiambo anaweza kuwa Odiambo, Wafula akawa Wafulla, na ukitafuta moja tu utasema babu hakuwahi kuwepo.