Maslahi ya Mwalimu, Haki ya Mwanafunzi: Chama Kisimame Wapi?

Ndugu viongozi wa chama, walimu wenzangu, na wazazi mliokubali kuja kutusikiliza, asanteni.

Nimeombwa nizungumzie maslahi ya mwalimu na ubora wa elimu. Wapo wanaosema chama kikidai kimoja kinaua kingine. Na sisi hujibu haraka kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Jibu letu lina ukweli mwingi, lakini si wote.

Chukueni darasa la wanafunzi 60. Mwalimu wa hesabu ametoa zoezi moja. Akitumia dakika 3 tu kwa kila daftari, ili aone mtoto amekosea hatua gani, zimemwishia saa 3. Bado madaftari ya darasa la pili, bado andalio la somo la kesho, bado zamu. Ndiyo maana anaishia kutia vema na kuandika tarehe, na yule mtoto aliyesahau kukopa alipokuwa anatoa ataendelea kusahau mpaka siku ya mtihani. Tukidai madarasa madogo tunamdaia na yeye. Hata Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu Hadhi ya Walimu, lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966, linataka mazingira ya kazi ya mwalimu yawe yale yanayosaidia zaidi wanafunzi kujifunza. Tarehe hiyo ndiyo tunayoiadhimisha kama Siku ya Walimu Duniani.

Walimu wa Los Angeles, Marekani, walilielewa hilo walipogoma Januari 2019. Waligoma siku 6 za masomo. Nyongeza ya asilimia 6 waliyorudi nayo mwajiri alikuwa ameshaiweka mezani kabla ya mgomo. Walichokipigania barabarani kilikuwa idadi ya wanafunzi darasani, wauguzi shuleni na wakutubi, na vyote hivyo viliingia kwenye makubaliano. Wazazi walisimama nao kwenye mvua, kwa sababu madai yale yalikuwa yanawahusu watoto wao moja kwa moja.

Lakini dai zuri likitekelezwa ovyo linaumiza. Mwaka 1996 jimbo la California lilianza kuzilipa wilaya zilizopunguza madarasa ya chini hadi wanafunzi 20. Ghafla walimu wengi wakahitajika. Shule za maeneo yenye uwezo ziliwavuta wenye uzoefu, na shule za watoto maskini zikajaza nafasi kwa watu wasio na sifa kamili za ualimu. Darasa lilipungua, lakini aliyesimama mbele hakuwa ameandaliwa. Chama kinachodai idadi bila kudai mafunzo kimefanya nusu ya kazi.

Sasa nifike pale tunapopaogopa. Kila mmoja wetu anamfahamu mwenzake ambaye hafundishi. Simsemi aliyechoka au aliye mgonjwa. Namsema yule ambaye vipindi vinapita naye yuko ofisini, mwaka baada ya mwaka. Akiitwa kwenye nidhamu, sisi ndio tunaokwenda kumtetea. Ni wajibu wetu kuhakikisha anasikilizwa kwa haki, na wajibu huo tusiuache kamwe. Lakini tukiishia hapo, nani anawasemea watoto wake? Na nani anamsemea mwalimu wa darasa linalofuata, anayewapokea bila msingi?

Chama cha walimu cha mji wa Toledo, huko Ohio, Marekani, kilijaribu njia nyingine mwaka 1981. Kilikubaliana na mwajiri kwamba walimu wenye uzoefu watolewe darasani kwa muda wawe washauri, kazi yao iwe kuwasimamia walimu wapya mwaka wa kwanza na kuwasaidia wakongwe waliolegea. Wanaingia darasani, wanaketi nyuma, wanaangalia somo, kisha wanazungumza na mwalimu nini kibadilike, na wanarudi tena. Taarifa zao zinakwenda kwenye bodi ya watu 9, watano wa chama na wanne wa mwajiri, na uamuzi unahitaji kura 6. Hesabu hiyo ina maana kubwa: hakuna upande unaoweza kupitisha uamuzi peke yake.

Najua mtakaloniuliza, kwa sababu nimeulizwa kila mahali: huyo mshauri si atakuwa mpelelezi wa mwajiri? Atakuwa, kama atateuliwa na mwajiri na kama msaada hautatangulia hukumu. Kwa hiyo mambo hayo mawili yaandikwe kwenye mkataba. Mimi namwogopa zaidi mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka, anayekaa dakika chache na kuondoka na hatima ya mtu kwenye faili.

Pendekezo langu kwa kamati ya majadiliano ni hili. Katika mkataba wa hali bora ujao, pamoja na mishahara na posho, tudai ukomo wa idadi ya wanafunzi darasani utakaofikiwa kwa hatua, kila hatua ikifungwa na idadi ya walimu waliofuzu. Tudai muda wa kusahihisha na kuandaa masomo uhesabiwe kuwa kazi. Na sisi wenyewe, kabla mwajiri hajatuambia, tuweke mezani mpango wa walimu washauri, wateuliwe na bodi ya pande mbili na mizigo yao ya vipindi ipunguzwe. Rasimu yake ipelekwe matawini kwanza, wanachama waipige msasa, na wazazi waitwe kuijadili kabla haijafika kwa mwajiri.

Nipo tayari kwa maswali.